Uzi wa anga na mandhari kwa kamera za mkanda mpana (midiamu fomati): naanza na Tanga, leteni zenu

#1 Mwana wa Korogwe

Wakuu, habari za jioni.

Picha za simu zimejaa humu na sina ugomvi nazo, ila uzi huu naomba uwe wa kamera za mkanda mpana tu. Zile ambazo wazee wa studio walikuwa wanaziinamia kifuani kama mtu anayechungulia kisima. Mwenye Hasselblad, Mamiya, Bronica, Pentax 67, Rolleiflex, Kiev, hata Holga ya plastiki, karibu. Mwenye ya kidijitali naye aje, tutambana kidogo lakini hafukuzwi.

Sharti ni moja: picha iwe na anga ndani yake. Harusi na sura za watu zina nyuzi zake. Na ukiweka picha, sema ulisimama wapi, saa ngapi, mkanda gani, uliipiga vipi.

Yangu ni Yashica Mat 124G. Ilikuwa ya baba mdogo, alikuwa na studio Korogwe, akipiga picha za pasipoti siku za kazi na za familia siku za Idi na Krismasi. Alipofariki ilikaa kabatini miaka. Nimeikuta na fangasi kwenye lenzi ya juu, ile ya kutazamia. Ya chini, inayopiga, safi. Mungu mkubwa.

Picha ya 1: Irente, Lushoto, ukingoni kabisa mwa jabali, saa kumi na moja jioni. Kule chini, karibu mita elfu moja, ni mkonge wa Mazinde na barabara kuu, imelala kama kamba iliyosahaulika. Mvua ilikuwa inanyesha sehemu moja tu ya mbuga, nguzo moja ya kijivu, kwingine jua. Mkanda Ilford HP5, kichujio cha njano, tundu la lenzi f/11, sehemu ya 125 ya sekunde.

Picha ya 2: Pangani, nimesimama upande wa Bweni baada ya kuvuka na pantoni, naitazama bahari kabla jua halijatoka. Ngalawa mbili. Wingu la chini lina rangi ya kutu upande wa tumboni, lakini nyinyi hamtaiona kwa sababu mkanda ni mweusi na mweupe. Niaminini.

Picha ya 3: Kibo ukiwa Moshi, alfajiri. Haipo. Nitaeleza nikipoa.

#2 Nyamagana

Nimeweka kigoda mbele kabisa. Picha ya 1 ile nguzo ya mvua nimeikuza mpaka mwisho na bado haijapasuka. Hii ni kamera ya mwaka gani mkuu?

#3 Mwana wa Korogwe

Modeli hii ilianza kutoka 1970. Kutopasuka si ujanja wangu, ni ukubwa wa negativu. Fremu ya mkanda mdogo ni milimita 36 kwa 24. Ya kwangu ni mraba wa kama 56 kwa 56. Piga hesabu mwenyewe: eneo ni mara tatu na nusu na ushee. Ukitaka picha ya ukutani ya upana uleule, negativu kubwa unaikuza kidogo, ndiyo maana chenga hazionekani na wingu linabaki wingu, haligeuki uji.

#4 Kweli Unauma

Yaani mkanda mzima picha 12? Simu yangu inapiga mia tatu kabla sijamaliza chai.

#5 Mwana wa Korogwe

Ndiyo, 12. Wa mraba 12, wa sentimita 6 kwa 7 wanapata 10, wa 6 kwa 9 wanapata 8. Mkanda wenyewe ni namba 120, upo tangu 1901 na mpaka leo unatengenezwa. HP5 ulinifikia kwa karibu elfu thelathini na tano pamoja na nauli, kwa hiyo kila nikibonyeza ni kama buku tatu zinadondoka. Unajifunza kusubiri wingu, mkuu. Wingu likiwa bado halijakaa vizuri, kidole kinajizuia chenyewe.

#6 Binti Nungwi

Jamani uzi wa maana huu. Mimi nina Mamiya RB67, tofali lenyewe, kilo mbili na nusu zimepita. Naibeba kwa kanga begani kama mtoto.

Picha: Nungwi, wakati wa kusi, saa kumi jioni. Wanaojenga jahazi wako kushoto, anga limechukua theluthi mbili za fremu. Mkanda Kodak Portra 400. Angalieni yale mawingu madogo yaliyojipanga safu, yote chini yamekatwa sawasawa kama mtu kapitisha rula.

Swali kwa wataalamu: fangasi mnaikabili vipi? Unguja hii lenzi ukiiacha kwenye begi la ngozi mwezi mmoja tu inaota ndevu.

#7 Babu wa Studio

Wajukuu, nimepita nimeona neno fangasi.

Begi la ngozi ndilo adui namba moja, ngozi inakunywa unyevu halafu inamnywesha mwenzake. Toa lenzi humo. Chukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, weka zile punje za kunyonya unyevu zinazokuja kwenye maboksi ya viatu, kusanya nyingi. Kila mwezi zikaange taratibu kwenye kikaango kikavu zitoe maji, zipoe, rudisha. Na mara mojamoja iweke lenzi ipigwe na mwanga. Fangasi inapenda giza na utulivu, kama mdaiwa.

Wewe wa Korogwe, baba yako mdogo nadhani namjua. Sitaji jina hapa. Alikuwa anapiga picha moja tu ya kila mteja, akishamaliza anasema "imetoka".

#8 Mwana wa Korogwe

Shikamoo mzee wangu! Ndiye huyohuyo! Hiyo "imetoka" mpaka leo nyumbani tunaisema.

#9 Babu wa Studio

Marahaba. Sasa eleza Kibo imekwenda wapi.

#10 Mwana wa Korogwe

Haya, nimepoa.

Nilikaa Moshi siku nne. Kila asubuhi naamka saa kumi na moja, napanda gorofa la nyumba ya rafiki, nafunga kamera kwenye miguu mitatu, namsubiri mzee avue shuka. Siku ya kwanza wingu mpaka chini. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu alitoka dakika kumi akafunika tena. Ya nne, saa kumi na mbili na nusu, Kibo yote nje, barafu inapigwa na jua kwa ubavuni, chini yake mstari mmoja wa wingu mwembamba kama mkanda wa kiunoni. Nikapiga zote 12.

Sikuwa na dawa nyumbani. Nikapeleka mkanda kwenye studio moja mjini ikasafishwe, nikamwambia kijana, huu ni mweusi na mweupe, asichanganye na wa rangi. Akasema najua kaka. Kesho yake ananikabidhi mkanda mweupe kama nailoni ya maandazi. Hata namba za pembeni hakuna. Ananiambia kamera yako mbovu.

Kamera mbovu haifuti namba za kiwandani, wakuu. Aliupitisha kwenye dawa za rangi.

#11 Nyamagana

Pole sana kaka. Ila naomba kuelimishwa, dawa za rangi zinafutaje?

#12 Babu wa Studio

Picha ya nyeusi na nyeupe ni fedha, madini yenyewe ya fedha yamebaki kwenye mkanda. Picha ya rangi mwishoni haina fedha, ina wino wa rangi uliozaliwa pale fedha ilipofanya kazi. Kwa hiyo dawa za rangi hatua ya mwisho zinaiondoa fedha yote, wino ubaki. Sasa mkanda wa kizamani hauna wino. Ikiondoka fedha, kimeondoka kila kitu.

Upo mkanda mmoja wa Ilford, XP2 Super, umetengenezwa makusudi upite dawa za rangi na bado utoke mweusi na mweupe. Ukiwa mbali na nyumbani tumia huo. Lakini wewe una jina la mtu wa studio, jifunze kusafisha mwenyewe.

#13 Mbongo wa Göteborg

Nawasalimu kutoka jiji zinakotoka Hasselblad. Mjue hizi kamera zilianzia angani: mwaka 1940 jeshi la anga la Uswidi lilimtaka Victor Hasselblad alitengenezee kamera ya kupigia picha kwenye ndege. Ya raia ikaja 1948. Hapa kuna jumba lao la maonyesho, na tuzo yao mwaka 2003 alipewa Malick Sidibé wa Mali, mzee wa studio kama Babu hapo juu.

Nina 500C/M na lenzi yake ya 80. Picha: ufukweni, nje kidogo ya mji, mwezi wa sita, saa tano usiku. Ndiyo, saa tano usiku, na anga bado lina rangi ya chungwa upande mmoja na bluu upande wa pili. Niliweka kamera, nikanywa kahawa, nikabadilisha mkanda, nikapiga tena, rangi bado ileile.

Ushauri kwa wa nyumbani: msipige wakati jua linazama. Subirini nusu saa mpaka dakika arobaini baada ya hapo, ndiyo bluu inakuja vizuri.

#14 Mwana wa Korogwe

Kaka wa Göteborg, picha yako kali, sina neno. Ila huo ushauri ndio uliniponza, na ndilo jambo lenyewe lililonifanya nifungue uzi.

Mafunzo mengi ya picha za anga yameandikwa na watu ambao kwao jua linakwenda pembeni. Linatua kwa mshazari, kama ndege anayetafuta uwanja. Kwetu linadondoka wima. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kila dakika nne, na huku karibu na ikweta jua linazitumia zote kushuka moja kwa moja. Mpaka lifike nyuzi sita chini ya upeo ni dakika ishirini na kidogo tu. Ukisubiri arobaini kama ulivyosema, Pangani umebaki unapiga picha ya giza na mbu.

Nilifanya hivyohivyo mwaka jana. Nimesoma "subiri nusu saa", nikasubiri. Kipima mwanga kikaniambia sekunde 30 kwa f/8. Sasa mkanda si kama simu, ukiuachia mwanga hafifu muda mrefu unachoka, lazima uuongezee. Kwa HP5, Ilford wanasema chukua sekunde ulizopima uzipandishe kipeo cha 1.31. Sekunde 10 zinakuwa 20. Sekunde 30 zinakuwa 86. Na katika hizo 86, mwanga wetu haukusubiri! Ulikuwa unazama huku mimi nahesabu. Nikifunga, kipimo nilichoanza nacho hakipo tena duniani. Nikaongeza, ukazama zaidi. Nikawa namkimbiza mtu anayeshuka ngazi.

Siku hizi napiga kuanzia jua linapogusa upeo mpaka dakika ya 15 hivi. Mizani imewekwa mapema, mkanda umeshafungwa, waya wa kufyatulia umeshachomekwa. Kubadilisha mkanda katikati usijaribu.

#15 Mbongo wa Göteborg

Hahaha, umenikamata kaka. Miaka kumi na moja huku, nimesahau kwamba nyumbani giza linaingia kama mgeni asiyebisha hodi.

#16 Msee wa Nakuru

Hamjambo ndugu zangu wa upande huo. Mimi natumia Fujifilm GFX 50S, ya kidijitali. Naona mnasema mtatubana, haya nibaneni. Picha: ukingo wa Menengai, mwezi wa nne, saa tisa mchana, wingu la mvua limepanda juu kama koliflawa. Nimeifichua kwa ajili ya weupe wa wingu, kisha kivuli cha shimo nimekiinua kwa kompyuta. Hakuna chenga. Mkanda wenu unaweza hiyo?

#17 Mwana wa Korogwe

Wingu limenikalisha kitako, hilo nakupa.

Tubanane sasa. Kihisio chako ni milimita 43.8 kwa 32.9. Ni mara 1.7 hivi ya fremu ndogo ya mkanda. Yangu mara tatu na nusu. Kwa hiyo kwa ukubwa, wewe ni mtoto wa shangazi.

Kwa kivuli kukiinua, hapo umetupiga. Ila angalia, sisi tunafanya kinyume: mkanda wa negativu unaulisha mwanga kwa ajili ya kivuli, weupe unajitunza wenyewe kwa kiasi kikubwa. Ukiulisha kidogo, kivuli hakina kitu, hakuna cha kuinua. Wewe ukilisha sana, wingu lako linabaki tundu jeupe. Kila mmoja ana kifo chake.

#18 Msee wa Nakuru

Nimekubali, mtoto wa shangazi ako sawa.

#19 Kweli Unauma

Kwa hiyo mnasema na zile za mwezini zilipigwa na hizi kamera? Kwanza walienda kweli? Mbona nyota hazionekani angani?

#20 Mwana wa Korogwe

Nyota hazionekani kwa sababu ileile ambayo hazionekani ukipiga picha ya uwanja wa mpira umewashiwa taa. Ardhi ile inawaka jua, shata inafunguka sehemu ndogo ya sekunde, nyota zinataka sekunde nyingi. Ya kwenda au kutokwenda fungua uzi wako.

Ila nikushukuru umenikumbusha. Ile picha ya dunia nzima, duara la bluu, iliyopigwa na watu wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, ni Hasselblad na lenzi ya 80. Fremu ya mraba, lenzi urefu uleule kama wa Yashica yangu. Na nchi iliyojaa mbele ni Afrika: Madagaska inaonekana, pwani yetu yote ipo, Uarabuni ipo, juu kulia kuna kimbunga Bahari ya Hindi. Hata kusini ilikuwa juu kwenye picha ya awali, wakaigeuza. Mimi huwa natafuta Tanga ilipo. Sioni kitu, ila najua ipo.

#21 Nyamagana

Baba mdogo wako alikuwepo kwenye picha hiyo, na ni picha moja tu. Imetoka.

#22 Mwana wa Korogwe

Umeniliza mkuu.

#23 Binti Nungwi

Mimi nataka kuelewa vichujio. Kila mtu anasema njano, machungwa, nyekundu. Nikiweka nyekundu anga linakuwa jeusi kama usiku, nikiweka njano sioni tofauti.

#24 Mwana wa Korogwe

Dada, kichujio kinapitisha rangi yake na kuzuia zilizo kinyume. Anga ni bluu, nyekundu inaizuia sana, ndiyo maana giza. Wingu jeupe lina rangi zote, linapita. Njano inakula stopu moja ya mwanga (kila stopu ni kupunguza mwanga nusu), ya machungwa kama mbili, nyekundu tatu. Njano mimi naiacha kila wakati pwani, inatenga wingu na ukungu wa bahari basi, haijionyeshi. Nyekundu nimeipiga marufuku tangu Irente ya kwanza.

Maana sikuwasimulia. Kamera ya lenzi mbili, unatazama kwa ya juu, kichujio kipo ya chini. Hukioni! Nilivisha nyekundu, nikapiga picha moja, nikatafuna muhogo, nikapiga stori na watoto waliokuja kuuza matunda ya porini, jua likakaa vizuri, nikapiga 11 zilizobaki kwa kipimo cha bila kichujio. Stopu tatu chini. Negativu nyembamba kama utando wa maziwa. Siku hizi nikivisha kichujio nafunga uzi mwekundu kwenye kidole gumba. Watu wananiuliza kama nimeaguliwa.

#25 Babu wa Studio

Kuna kichujio hamjakitaja, kile cha kuzungusha, cha kukata mng'ao. Hicho kwa nchi hii kina siri yake.

Kinalitia anga giza zaidi pale panapokuwa pembe mraba na jua. Vitabu vinakwambia usikitumie mchana. Vya wapi? Huku mchana jua liko utosini. Pembe mraba na utosi ni upeo wote, kuzunguka pande zote nne. Tanga jua linasimama sawasawa juu ya kichwa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, miezi hiyo saa sita na nusu nilikuwa napiga mashamba ya mkonge ya wazungu kwa kalenda, anga linatoka sawa kutoka kona hadi kona. Ila ukungu uwe mdogo, baada ya mvua ndiyo bora. Wakati watu wanachoma mashamba usihangaike.

Na wewe uliyekwenda Moshi: Kibo iko upande gani wa mji?

#26 Mwana wa Korogwe

Kaskazini mzee.

#27 Babu wa Studio

Na jua asubuhi?

#28 Mwana wa Korogwe

Mashariki... Ee bwana! Pembe mraba!

#29 Babu wa Studio

Haya. Lenzi mbili, kichujio kishike kwanza mbele ya ile ya juu, zungusha mpaka anga liive, soma namba iliyo juu, kihamishie chini namba ileile ikae juu. Ongeza stopu moja na nusu. Rudi Moshi.

#30 Nyamagana

Mimi sina kamera hizo ila nimeazima Pentax 67 ya jamaa. Ile shata yake ikigonga ni kama mtu kafunga mlango wa lori. Nimesoma mpiga picha Nick Brandt aliipiga Amboseli na tembo wake wote kwa Pentax 67 bila lenzi ndefu, anamsogelea mnyama mwenyewe. Mimi nilisogelea radi.

Picha: Mwanza, kwenye mawe juu ya Capri Point, saa mbili usiku, ziwa mbele. Radi za Ziwa Victoria mnazijua, zikianza ni kama kuna ugomvi wa majirani. Mkanda wa ISO 100, f/8, shata nikaiacha wazi, radi ikipiga mara mbili nafunga. Fremu kumi, tisa hamna kitu. Hii moja radi imetoka wingu kwa wingu, mlalo, imejigawa kama mizizi ya mkoko.

#31 Binti Nungwi

Tisa hamna kitu na bado umeshinda. Nimeiangalia dakika tano.

#32 Mbongo wa Göteborg

Kaka usiwe tena juu ya jiwe tupu kwenye radi na miguu mitatu ya chuma. Tunakuhitaji.

Nauliza, kuna mtu kapiga nyota huko? Hapa kwetu zinazunguka nyota ya kaskazini kama sahani.

#33 Mwana wa Korogwe

Nimepiga, Ushongo, kusini ya Pangani, mwezi ukiwa haupo. Sahani sahau kaka. Nyota ya kaskazini Tanga huioni, na kitovu cha kusini kiko nyuzi tano tu juu ya upeo, kimekaa kwenye moshi wa majiko. Ukielekeza kamera mashariki nyota zinapanda kama zinavutwa kwa kamba. Niliacha wazi dakika 40, kila nyota imechora mstari uliosimama, kama robo ya fremu. Inafanana na mvua inayorudi mbinguni.

Katikati kuna mafungu ya mistari midogo iliyobanana, hiyo ni Kilimia. Bibi alikuwa anasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sikuwahi kukitafuta mpaka nilipolipia mkanda.

#34 Kweli Unauma

Mkuu nimekaa kimya lakini nafuatilia. Hiyo Yashica inapatikana wapi?

#35 Mwana wa Korogwe

Karibu kundini! Anza na ndugu zako. Kila ukoo una mtu aliyekuwa na studio. Ukiipata usihangaike na kipima mwanga chake, kilitumia betri ya zebaki ambayo haitengenezwi tena, ukiweka ya leo inakudanganya kwa stopu nzima wakati mwingine. Tumia programu ya simu, au kanuni ya jua: jua kali, f/16, na sekunde moja ugawe kwa ISO ya mkanda. Na mawingu yatakuchanganya. Kwenye kioo kushoto ni kulia. Wingu linatoka baharini, wewe unaliona linatoka bara. Nilimsubiri mtumbwi mmoja upande usio wake mpaka ukapita.

Ukiagiza mkanda kwa mtu anayesafiri, mwambie aubebe mkononi na aombe ukaguliwe kwa mkono uwanja wa ndege. Mashine mpya zile zinazozunguka zinauunguza.

#36 Mwana wa Korogwe

Wakuu, ripoti. Wiki tatu nilikuwa kimya.

Nimerudi Moshi. Siku sita safari hii. Siku ya tano ilitoka, saa kumi na mbili na dakika arobaini. Kichujio nilikishika juu, nikazungusha, anga lilipoiva namba 7 ilikuwa utosini, nikahamishia chini. Uzi mwekundu kidoleni. Nikapiga tisa tu. Zilizobaki tatu nilizitunza, wingu likaja saa mbili na nusu kama kawaida yake, nikapiga mbili za wingu likifunika. Moja sijui niliipigaje, nadhani kwa furaha.

Nimesafisha mwenyewe. Maji ya bomba Tanga yalikuwa nyuzi 28, nikafuata maneno ya Babu: barafu kwenye mfuko, mfuko kwenye beseni, chupa ya dawa ndani ya beseni, barafu isiguse dawa. Ilishuka mpaka 20. Dawa ya ID-11, sehemu moja kwa maji sehemu moja, dakika 13, nageuza kopo kila dakika huku mke wangu anahesabu kwa sauti mlangoni. Nimetundika bafuni na kibanio cha nguo, nikamwaga maji sakafuni vumbi litulie, nikafunga mlango, nikakataza watu kuoga mpaka asubuhi.

Picha: Kibo, fremu ya 9. Nimeipiga picha negativu juu ya kioo cha mwanga kwa kamera nyingine, kwa hiyo mnaona kivuli chake tu. Anga ni kijivu kizito, sawa kila kona. Barafu ya upande wa kulia ina mikunjo, mimi nilikuwa nafikiri ni laini.

#37 Binti Nungwi

Allah! Mikunjo nimeiona.

#38 Msee wa Nakuru

Mtoto wa shangazi anatoa heshima.

#39 Nyamagana

Kijana wa studio atumiwe hii bila maelezo yoyote.

#40 Babu wa Studio

Nimeiona. Chini kushoto kuna doa jeusi, hiyo ni pumzi ya hewa, kopo hukuligonga mezani ulipomimina. Mara nyingine gonga.

Nina pakiti moja ya karatasi, sijaifungua, na mashine ya kukuzia bado iko chumba cha nyuma chini ya magunia ya mchele. Taa nyekundu ninayo. Njoo na fremu ya 9.

#41 Mwana wa Korogwe

Mzee, Jumamosi asubuhi niko mlangoni. Nije na barafu?

#42 Babu wa Studio

Njoo nayo. Friji yangu imekufa tangu Ramadhani.